Alama za Ngozi ya Kimanzi

Kufikia Jumatano ile, ngozi ya tumbo la Kimanzi ilikuwa imekwisha kupewa majina manne ya magonjwa, na kati ya wote walioyatoa majina hayo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona vizuri.

Nashon, muuza viatu vya mitumba aliyepakana na banda lake la kushonea nguo katika Soko la Toi, alisema ni aleji. "Mwili wako umekataa gundi, mzee. Binamu yangu alikuwa hivyo hivyo na plasta." Muuzaji wa duka la dawa kule Sarang'ombe alisema ni fangasi, akampa tyubu ya mafuta meupe. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni joto la mwili lililokosa pa kutokea. Na Kimanzi mwenyewe, baada ya kuwasikiliza wote kwa kichwa kilichoinama upande, alitoa hukumu yake: ni sabuni anayotumia mkewe kufulia mashati.

Wiki tisa kabla ya hapo, utumbo wake ulikuwa umejisokota. Alipelekwa hospitali akiwa amejikunja kama gunia tupu, madaktari wakakata kipande kilichokuwa kimekufa na kuziunga ncha mbili. Ili mshono wa ndani upate kupona, waliuvuta utumbo mwembamba wakautoa nje upande wa kulia wa kitovu. Ulikaa pale, mwekundu na wenye unyevu kama ndani ya shavu, na choo kikawa kinatokea hapo na kuingia katika mfuko. Mfuko huo ulishikwa na kibandiko cha gundi chenye tundu katikati, ambalo mwenyewe hulikata kwa mkasi.

"Ni kwa muda," daktari mpasuaji alimwambia. "Jumanne ya tarehe kumi na nne nitaurudisha ndani na kukufunga. Lakini sikati tumbo lililoungua. Ngozi yako ikipewa alama tano au zaidi, nakurudisha mwisho wa foleni, na foleni yangu imefika Desemba. Nenda Kawangware kwa Sista Filister akupime, aniletee karatasi."

Sasa tarehe ilikuwa mosi. Kimanzi alitaka tarehe kumi na nne kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Fundi wa nguo huketi. Kila alipoinama juu ya cherehani, kibandiko kiliachia upande wa chini, akasikia uvuguvugu ukimtambaa kiunoni. Mteja alikuwa amesimama mbele yake akieleza jinsi anavyotaka suruali ipunguzwe, naye akawa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku mkono mmoja ukishika tumbo. Wengine walinusa hewa, wakageuka kuangalia mtaro, na Kimanzi akausingizia mtaro usio na hatia. Halafu ngozi yenyewe ilichoma. Ilichoma asubuhi, ilichoma akicheka, kwa hiyo aliacha kucheka.

"Nimekuambia usifue mashati yangu na sabuni ya kipande," alimwambia mkewe, Kamene, asubuhi hiyo wakijiandaa kwenda kliniki.

"Na mimi nimekuambia, Baba Mulei, sabuni iko kwenye shati. Wewe umeungua chini ya gundi. Imepitia wapi?"

"Inapenya."

"Basi ipenye mpaka kichwani."

Kliniki ya Sista Filister ilikuwa vyumba viwili katika mtaa wa Kongo, Kawangware, kati ya kinyozi na banda la mama wa chapati. Filister alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja. Alimlaza Kimanzi kitandani, akavaa glavu, lakini kabla hajamgusa alianza maswali.

"Inawasha au inachoma?"

"Inaudhi," alisema Kimanzi. Akatoa karatasi mfukoni. "Nimekuandikia kila kitu. Ni aleji, ama ni fangasi. Chagua moja unipe dawa, sista, niko na kazi ya watu."

"Nani amesema ni aleji?"

"Watu."

"Hao watu wameona?"

Kamene, aliyekuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango, alijibu kwa niaba yake. "Hata mimi bibi yake sijaonyeshwa, sista. Huwa anajifungia na kioo cha kunyolea. Mimi nafua tu."

"Nilikuambia kwa simu uje na kibandiko ulichobandua," Filister alisema. "Kiko wapi?"

Jambo hilo lilikuwa limemkera Kimanzi kuliko yote. Alikuwa amekiviringisha ndani ya gazeti, akakitia kwenye kopo la majarini, akalifunga kopo kwa kamba, na njia nzima kutoka Kibera alilibeba kama mtu aliyebeba nyoka. Alimnyooshea bila kulitazama. Filister alifungua, akakigeuza kibandiko, akakisogeza dirishani.

"Watu huniletea tumbo wakaacha hiki," alisema. "Huku nyuma ndiko kwenye habari. Ona. Juu gundi ni nzima. Huku chini imeliwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai."

Alimpa Kimanzi kioo kikubwa chenye mpini. "Haya, shika. Kitambi chako kinakuficha nusu ya chini. Angalia mwenyewe uniambie."

Kimanzi aliangalia. Wiki zote hizo alikuwa akiona nusu ya juu tu, na ile ya chini akiisikia. Alisogeza kioo karibu zaidi.

"Ingekuwa ni aleji," Filister alisema, akizungusha kidole hewani, "wekundu ungefuata umbo lote la kibandiko. Kila gundi inapogusa pangekuwa pamekasirika. Hapa nje pakoje?"

"Pazuri."

"Ingekuwa ni fangasi, ningeona vipele vidogo vimetawanyika mbali kidogo na wekundu wenyewe. Unaviona?"

"Sivioni."

"Wekundu uko wapi?"

"Umezunguka utumbo." Alitafuta neno. "Kama kola."

"Kama kola. Na kola imechanika wapi?"

"Chini."

"Na choo kikitoka kinateremka kwenda wapi?"

Kimanzi alikirudisha kioo. Hakupenda kuulizwa maswali yenye jibu moja. Filister tayari alikuwa amechukua kadi ngumu yenye matundu ya duara, makubwa na madogo, kila moja limeandikwa namba. Alijaribu moja juu ya utumbo, akajaribu jingine. "Milimita ishirini na nane," alisema. Halafu akaiweka kadi juu ya kibandiko cha zamani. "Na tundu lako ni arobaini na mbili."

"Haiwezekani."

"Pima mwenyewe."

Kimanzi aliketi. Alichomoa utepe wa kupimia shingoni, maana hata hospitali alikwenda nao, akapima upande wa inchi. Inchi moja na nusu na ushei. Akaupima na utumbo, kwa mbali, bila kuugusa. Inchi moja na kidogo. Akapima tena, kana kwamba utepe huo wa miaka kumi na miwili umeamua kumdanganya leo.

"Pateni ni ya hospitali!" alisema, na sauti yake ikapanda. "Sikubuni mimi. Muuguzi wa wodi alinipima, akanichorea duara. Nikalihamishia kwenye kadibodi. Ninayo mpaka leo."

"Anaitunza ndani ya Biblia," alisema Kamene.

"Alikupima lini?"

"Siku niliyotoka."

"Siku hiyo utumbo ulikuwa umevimba, umetoka kukatwa juzi. Hakukuambia upime upya kila wiki?"

Alikuwa ameambiwa. Sasa alikumbuka vizuri kwamba aliambiwa, na alikumbuka pia alivyoitikia kwa kichwa kwa heshima huku akijisemea kwamba yeye si mtu wa kufundishwa kupima. Jioni ya siku aliyofika nyumbani alipanga vibandiko vyote mezani, vyote alivyopewa, akaweka pateni juu, akavikata kwa mpigo mmoja na mkasi wake mzuri, kingo safi bila jino hata moja. Ndivyo sare za shule zinavyokatwa: unapima mara moja, unakata mzigo wote, unamaliza. Aliona fahari siku ile. Alimwita hata Kamene aje aone vilivyolingana.

"Mteja wako akikonda," Filister alisema, "unamshonea kwa kipimo cha mwaka jana?"

"Mteja akikonda huja mwenyewe kuniambia!"

"Na huyu amekuwa akikuambia kila siku, mzee. Wewe unampaka mafuta anyamaze. Kila upande umeacha ngozi uchi, milimita saba, na choo cha utumbo mwembamba ni kikali, kinakula ngozi kama kinavyokula chakula. Ukipaka mafuta juu yake gundi haishiki. Isiposhika kinavuja. Kikivuja kinakula zaidi. Vibandiko vingine unavyo?"

"Kumi na kimoja."

"Vimekatwa?"

Kimanzi aliangalia dari.

"Vyote," alisema Kamene.

Filister alifumba macho kidogo, akavuta pumzi, akaenda mezani kuchukua fomu. Alimsomea kwa sauti alichokuwa akijaza, maana alikuwa na desturi ya kutomficha mgonjwa alama zake. Kulikuwa na mambo matatu: ngozi kubadilika rangi, ngozi kuliwa, na nyama kuota. Kila jambo lilipimwa mara mbili, eneo lake na ukali wake.

"Rangi, eneo mbili, ukali mbili. Kuliwa, eneo mbili, ukali mbili. Nyama haijaota, sifuri. Jumla nane."

"Nane juu ya ngapi?"

"Kumi na tano."

"Basi nimepita nusu."

"Hapa, mzee, ukipanda ndiyo unaanguka."

Kimanzi aliteremka kitandani akiwa ameshika shati. "Sista, sikiliza. Daktari anataka chini ya tano. Hiyo ya kuliwa andika moja. Ni unyevu kidogo tu, ni jasho."

Filister alichukua kipande cha shashi, akakigusisha polepole chini ya utumbo, akamwonyesha. Kilikuwa kimelowa, na katikati palikuwa na doa la damu ukubwa wa kichwa cha pini.

"Hili jasho limetoka wapi?"

"Basi subiri. Usiandike leo. Andika nikipona."

"Naandika leo ninachokiona leo. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi, urudi nikupime tena, na karatasi zote mbili zitaenda kwa daktari. Ile ya pili ndiyo atakayoangalia, lakini atataka kujua ya kwanza ilitokana na nini."

Alikuwa ameshafika kwenye mstari wa sababu. Kimanzi alisogea akasoma juu ya bega lake: *Choo kugusa ngozi. Tundu la kibandiko limekatwa kubwa kuliko utumbo.*

"Futa hiyo."

"Kwa nini?"

"Daktari anajua mimi ni fundi! Tulizungumza naye habari za kitambaa. Ameniuliza hata mambo ya suti. Sasa asome kwamba Kimanzi hawezi kukata duara?"

"Sijaandika limekatwa na nani."

"Limekatwa na nani mwingine? Na paka?" Alishusha sauti. "Andika aleji, sista. Hakuna anayemlaumu mtu kwa aleji."

Filister aliweka kalamu chini, na hapo uchovu wake wote ukamtoka. "Wiki hii wewe ni wa tano! Mmoja ananiambia niandike joto, mwingine niandike chumvi, mwingine amerogwa, na wote mnataka nichague jina kama mnachagua kitambaa. Nikiandika aleji, daktari atakubadilishia gundi. Utakwenda nyumbani ukate tundu lile lile, uungue vile vile, na tarehe kumi na nne ipite. Niambie unachotaka, mzee. Unataka jina zuri au unataka tumbo lifungwe?"

Nje, mama wa chapati alikuwa akibishana na mtu. Kamene alikuwa ameangalia sakafu, mabega yakimtikisika kidogo, na Kimanzi hakutaka kujua kama alikuwa analia au anacheka.

"Andika," alisema. "Andika, andika! Andika hata na jina la ukoo."

Alipewa vibandiko vitatu visivyokatwa, kadi ya matundu na chupa ndogo ya poda. Aliambiwa aoshe kwa maji ya uvuguvugu peke yake, akaushe kwa kugusisha bila kusugua, poda mahali palipolowa tu, apanguse iliyozidi, kisha apime, ndipo akate. Akate kimoja. Filister alirudia neno hilo mara mbili akiwa amemwinulia kidole usoni.

Kamene hakusema kitu mpaka wanafika nyumbani. Kimanzi angependelea ugomvi. Kimya cha mkewe kilikuwa kimenyooshwa kama shati la Jumapili, na kila alipojaribu kukikunja kilirudi kunyooka.

"Sabuni haikuwa na kosa," alisema hatimaye, akivua viatu.

"Nilimsikia sista."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi nimekosea, Mama Mulei! Unataka nipande juu ya meza nitangaze?"

"Meza haitakubeba," alisema Kamene, akaenda kuchemsha maji.

Siku zilizofuata zilimchosha Kimanzi kuliko ugonjwa wenyewe. Kazi ambayo alizoea kuimaliza kwa dakika tano ilichukua saa nzima. Kamene alishika kioo, akaona kila kitu alichokuwa amefichwa, na akawa na maoni. "Hapo bado pana maji." "Hiyo poda unamwaga kama unga wa ugali." "Pima kwanza." Siku ya tatu, Kimanzi aliharakisha kwa sababu kulikuwa na gauni la harusi likimngoja, akabandika kabla ngozi haijakauka, na kabla ya saa sita mchana kibandiko kikaachia. Alifunga cherehani, akarudi nyumbani kwa miguu akitukana kwa Kikamba, akaanza upya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumtukana isipokuwa yeye mwenyewe.

Huko sokoni Nashon hakukata tamaa. "Mzee, nimepata dawa ya meno ya mitishamba. Unapaka, unaachia upepo."

"Nashon, umewahi kuliona hili tumbo?"

"Sasa mimi nilione la nini?"

"Basi uza viatu."

Siku ya sita alipima na kukuta tundu la ishirini na nane linacheza. Alijaribu la ishirini na sita, likakaa sawasawa. Utumbo ulikuwa umenywea tena. Kimanzi alibaki ameishika kadi, akaona haya yamempanda mpaka masikioni, ingawa Kamene alikuwa jikoni na hapakuwa na mtu wa kumwona. Angekuwa amevikata vile vitatu pamoja, angekuwa ameharibu tena. Kuanzia hapo kibandiko kilikaa siku tatu bila kuvuja. Aliketi kwenye cherehani kutwa nzima, na uvuguvugu haukuja.

Ijumaa tarehe kumi walikuwa wa kwanza mlangoni kwa Filister. Alimlaza, akabandua, akakigeuza kibandiko dirishani: gundi ilikuwa nzima pande zote. Akainama juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Hii ni kazi ya mikono, mzee. Rangi, eneo moja, ukali moja. Kuliwa, sifuri. Nyama, sifuri. Jumla mbili." Alianza kuandika.

"Si mbili," alisema Kimanzi.

Kalamu ilisimama. Kamene aliinua kichwa.

"Chini kabisa, penye mkunjo wa kitambi," alisema Kimanzi. "Nilipaona tulipobandika hiki. Ukilala hapaonekani. Nikiketi panaonekana. Huenda bado panalowa."

"Baba Mulei," alisema Kamene kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia kanisani watoto walipokuwa wadogo.

"Si palilowa, Mama Mulei? Si wewe ulishika kioo?"

"Sikuulizwa mimi."

Filister alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Juzi ulitaka nikupunguzie. Leo unataka nikuongezee?"

"Daktari atakata kwa kufuata karatasi hiyo," Kimanzi alisema kwa ukali, kama anayegombana na mteja mbishi. "Mimi nilikata kwa kufuata karatasi isiyo sawa, umeona kilichotokea. Na ile ilikuwa gundi tu. Niinue."

Alimwinua. Akiwa ameketi, mkunjo ulijitokeza, na Filister akainama na tochi. Palikuwepo, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, pakavu pembeni, katikati pana unyevu. Aligusisha shashi. Haikuwa na damu.

"Kuliwa, eneo moja, ukali moja," alisema polepole. "Jumla nne."

"Nne iko chini ya tano."

"Iko chini. Lakini mbili angeipitisha hata bila kusoma. Nne ataiangalia mara mbili."

"Aiangalie."

Filister alipiga picha, akiwa ameketi na akiwa amelala, akapiga picha za karatasi zote mbili, ile ya nane na ile ya nne, akazituma kwa simu. Halafu wakangoja. Aliingia mgonjwa mwingine akatoka. Kimanzi alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akagundua kwamba amekosea kimoja, akavifungua vyote. Kamene hakumwangalia. Alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili, na kila simu ya Filister ilipotoa mlio alishtuka, na mara mbili ilikuwa ni watu wa kuuza mayai.

Mara ya tatu Filister alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Anauliza ni nani aliyeuona huo mkunjo. Nimemwambia ni mgonjwa mwenyewe." Akasogeza simu karibu na macho. "Anasema uje Jumatatu ulazwe, Jumanne asubuhi anakufunga. Poda iendelee hapo chini mpaka uingie."

Kimanzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa kitambaa alichoagiza. Kamene alisimama, akakung'uta rinda, akafungua mlango.

"Jumatatu wakikuuliza pale mlangoni kama una ugonjwa mwingine," alisema bila kugeuka, "tafadhali, Baba Mulei, usijiongezee."